Wazee wa Mwaka Mmoja

Katika nchi ya Ukomoni mtu haruhusiwi kuwa mzee wa Baraza la Watoto kabla hajatimiza miaka sitini na nne, na haruhusiwi kubaki akishatimiza sitini na tano. Ana mwaka mmoja tu. Na kwa kuwa Waukomoni wote, kwa vyeti vyao, wamezaliwa siku moja, wazee wote wa baraza huondoka siku moja. Kesi yoyote ambayo haijaisha siku hiyo huanza upya, kana kwamba haijawahi kusikilizwa. Mtoto aliyeshtakiwa hubaki ndani.

Hiyo ndiyo shida yenyewe. Nimeisema mwanzoni kwa sababu mimi ni fundi wa matairi. Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimejifunza kwamba kitu kikivuja, kwanza unaonyesha tundu liko wapi. Maneno yanafuata.

Nilifikaje Ukomoni si habari ya hapa. Nilikaa miezi mitatu, nikapanga chumba kwa Bi. Siwatu Mkelemi, mjane aliyekuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka huo alikuwa mmoja wa wazee watano wa Baraza la Watoto la wilaya yake. Mambo mengi ninayoyasimulia niliyaona nikiwa nimekaa kwenye benchi la wasikilizaji, kwa sababu Ukomoni hawana magari mengi na mimi sikuwa na kazi.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni ilikuwaje nchi nzima ikazaliwa siku moja. Nilimuuliza Bwana Shomvi Lukali, Karani Mkuu wa Umri, mtu mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, zote za wino wa rangi moja. Alinipeleka kwenye kabati akanionyesha muhuri. Ulikuwa muhuri wa kuzungusha, wenye gurudumu la siku, la mwezi na la mwaka. Gurudumu la mwaka lilizunguka vizuri. Yale mawili mengine yalikuwa yameshika kutu kwenye tarehe mosi ya mwezi wa saba.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu enzi za babu yangu. Yeye ndiye aliyekuwa karani."

"Na hamkuutengeneza?"

"Kuutengeneza? Fundi, watu laki tatu wameshazaliwa tarehe mosi mwezi wa saba. Tukiutengeneza leo, hao tutawaambia walizaliwa lini?"

Niliuchukua mkononi. Tone moja la mafuta lingetosha, na nilimwambia hivyo. Akaurudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Kuhusu ile sitini na nne na sitini na tano alikuwa na maelezo marefu zaidi. Zamani kulikuwa na kambi mbili katika Baraza Kuu la nchi. Kambi moja ilisema kuhukumu watoto kunataka busara, na busara haiji kabla ya uzee, kwa hiyo mtu asianze kabla ya miaka sabini. Kambi ya pili ilisema kuhukumu watoto kunataka kumbukumbu na masikio, na vyote viwili huondoka na uzee, kwa hiyo mtu asizidi hamsini. Walibishana miaka kumi na mmoja. Mwishowe wakasuluhishwa. Hawa wakashuka kidogo, hawa wakapanda kidogo, kila mwaka kidogo, mpaka wakapishana na ukabaki mwaka mmoja katikati ambao wote waliukubali. Siku hiyo walichinja ng'ombe.

"Kila upande ulipata ulichotaka," akasema Bwana Shomvi.

"Na watoto?"

"Watoto hawakuwa na kambi."

Nikamuuliza kuhusu hakimu. Maana baraza lina hakimu mmoja pamoja na wale wazee, na hakimu wa wakati huo, Mheshimiwa Tambwe, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Bwana Shomvi akashangaa kwamba naweza kulinganisha vitu viwili hivyo.

"Hakimu amesoma, fundi. Akili iliyosomeshwa haizeeki. Inayozeeka ni hii ya kuzaliwa nayo."

Mimi akili yangu yote ni ya kuzaliwa nayo, na bado inajua kwamba mtu anayelala kuanzia saa nne mpaka saa sita hasikilizi kesi.

Mwezi wa tano nilikwenda na Bi. Siwatu kusikiliza mjadala katika Baraza Kuu. Mjumbe mmoja kijana, aliyevaa tai nyekundu, alikuwa na hoja. Alisema ni aibu kwa nchi kwamba watoto wanakulia mahabusu wakati kesi zikianza upya. Nikadhani sasa tumefika. Akaendelea: kwa hiyo mtoto akiwekwa ndani asihesabiwe miaka. Aingie na miaka kumi na mitatu, atoke na kumi na mitatu, na aibu itakuwa imekwisha. Wajumbe wakapiga meza. Mama mmoja wa viti vya nyuma akanyoosha mkono.

"Miaka mnaweza kuisimamisha kwa muhuri," akasema. "Magauni je? Mtoto ameingia na gauni la miaka kumi na mitatu. Mwaka wa tatu atavaa nini?"

Wakacheka, kisha wakaunda kamati ya magauni, yenye wajumbe saba. Bi. Siwatu hakucheka. Tukiwa njiani kurudi aliniambia, "Yule mama amesema neno kubwa, mwanangu, na mwenyewe hajui."

Alikuwa anamfikiria Mashavu.

Mashavu alikuwa binti wa mfuma vikapu. Karibu miaka minne kabla ya mimi kufika, akiwa na miaka kumi na mitatu, alishtakiwa kuiba kengele ya shule. Kengele yenyewe ilikuwa rimu ya lori, iliyotundikwa kwa mnyororo na kupigwa kwa nondo. Asubuhi moja haikuwepo. Watoto wote walifika shule kwa mazoea, isipokuwa Mashavu, aliyechelewa. Mwalimu mkuu akasema wazi kwamba anayenufaika kengele isipolia ni mchelewaji. Mlinzi wa shule, mtu aitwaye Ngwale, akakumbuka kwamba alfajiri alimwona Mashavu akiruka ukuta na rimu kichwani. Mchana wa siku hiyohiyo rimu iliokotwa mtaroni, chini ya mteremko. Kwa kuwa ilikuwa imepatikana, wizi ukawa umethibitika. Kilichobaki ni mwizi.

Akapelekwa Nyumba ya Kungojea. Huko mabinti huteka maji bondeni, ndoo mbili kila asubuhi, ili wasikae bure.

Kesi ya mtoto yenye kidhibiti, Ukomoni, huenda hivi. Wazee wapya huapishwa mwezi wa saba. Mpaka mwezi wa kumi hufundishwa sheria. Kisha kuna mvua. Kisha huandika barua kuomba kidhibiti kiletwe kutoka ghala la wilaya, na ghala hujibu kwamba barua haina muhuri, na muhuri uko kwa Bwana Shomvi, na Bwana Shomvi hupiga muhuri wa tarehe mosi mwezi wa saba, na ghala hujibu kwamba barua imechelewa. Rimu huletwa mwezi wa sita, mwishoni. Wazee humwambia mtoto: hebu inyanyue tuone.

Mwaka wa kwanza Mashavu aliishika rimu kwa mikono miwili na haikutikisika. Wazee walitazamana. Hukumu ikapangwa siku ya tatu yake, lakini siku hiyo ilikuwa tarehe mosi mwezi wa saba. Wakastaafu. Majalada yakafungwa ili wapya wasije wakaathiriwa na waliyoyaona wa zamani. Mwaka wa pili akaiinua mpaka magotini. Mwaka wa tatu, mpaka kiunoni. Kila mwaka wazee wapya, kila mwaka ndoo mbili kila asubuhi.

Mwaka wa nne nilikuwepo. Ilikuwa tarehe ishirini na nane mwezi wa sita. Rimu iliingizwa na askari wawili wakihema. Mashavu akasimama, msichana mrefu, mabega mapana, uso umekonda licha ya jina lake.

"Inyanyue," akasema mwendesha mashtaka. "Jitahidi kweli, usituchezee."

Akainama, akavuta pumzi, akaipandisha rimu begani kama mtu anayejitwika mkungu wa ndizi. Baraza zima likaguna. Ngwale mlinzi akasema kwa sauti, "Si niliwaambia!"

"Mwaka wa kwanza nilishindwa," akasema Mashavu. Rimu ilikuwa bado begani. Hakuna aliyemwambia aishushe.

"Mwaka wa kwanza haupo," akasema mwendesha mashtaka. "Kisheria kesi hii imeanza mwaka jana mwezi wa saba."

Bi. Siwatu aliomba baraza liendelee siku ileile. Mheshimiwa Tambwe aliamka, akasema chakula kiko tayari, na akaahirisha mpaka tarehe mosi asubuhi, kabla ya baragumu la kustaafu wazee. Asubuhi hiyo ikija, Mashavu angetimiza miaka kumi na saba. Kesi ikianza upya, ingekuwa haijaisha mwaka unaofuata, na mwaka unaofuata angekuwa na kumi na minane. Angehamishiwa baraza la wakubwa. Huko mwizi wa mali ya shule hupewa miaka mitano ya kuvunja mawe.

Jioni ile Bi. Siwatu alikuwa anachambua mchele, nami nimekaa mlangoni.

"Kwa nini hakujifanya ameshindwa?" nikamuuliza. "Angeguna kidogo, akaiacha."

"Nimemuuliza mama yake swali hilo. Unajua alimjibuje mama yake? 'Waliniambia nijitahidi.' Ndiye mtoto waliyemfunga kwa uongo." Akapeperusha pumba. "Wewe unajua vyuma. Ile rimu ina kilo ngapi?"

"Ya lori la tani kumi? Arobaini na kitu."

"Na wewe huibeba?"

"Naibebea nini, mama? Ni ya mviringo. Naiviringisha."

Akaacha kuchambua.

Tarehe mosi mwezi wa saba Waukomoni huiita Siku ya Kuinuka. Lazima nieleze desturi moja, la sivyo yaliyofuata hayaeleweki. Kiti cha mzee wa baraza hakiguswi. Zamani matajiri waliwahi kuwatoa wazee kwa nguvu katikati ya kesi, kwa hiyo ikatungwa sheria kwamba mzee akishakaa, hakuna mkono wa mtu unaoruhusiwa kumwinua. Huinuka mwenyewe. Ndiyo maana kustaafu hufanywa kwa kuinuka: baragumu likilia saa tatu asubuhi, wazee wote watano husimama, hupewa kila mmoja fimbo ya heshima, wanafunzi huimba, na kuanzia hapo, kwa upande wa baraza, wanahesabiwa marehemu. Sheria hiyohiyo inasema wazee wanne wakifa, wa tano anatosha. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba mtu anaweza kusikia baragumu asiinuke.

Asubuhi hiyo hakimu alichelewa. Alipoingia, baragumu lililia. Wazee wanne wakasimama wakipangusa mavazi yao. Bi. Siwatu akabaki amekaa, mikono magotini.

Baragumu likalia tena.

"Nimesikia," akasema. "Masikio yangu mazima mpaka saa hizi."

"Bi. Siwatu, inuka bwana, wanafunzi wanangoja kuimba," akanong'ona mzee mwenzake, Mzee Pazi, ameshika fimbo yake tayari.

"Waimbe. Mimi nina kesi."

Bwana Shomvi akaja mbio, kalamu zikimruka mfukoni. Hakumgusa. Aliinama mbele yake, akasema kwa upole wake uleule, na mimi nilikuwa benchi la mbele nikasikia kila neno.

"Bi mkubwa, kama hutaki kuinuka leo kuna njia ya kisheria. Wote tunajua ulizaliwa wiki daraja la Kunga liliposombwa na mafuriko. Tarehe imechongwa pale kwenye jiwe: mwezi wa kumi na moja. Omba cheti kirekebishwe. Nitakuwa nimekupatia miezi minne, na hapatakuwa na fujo."

"Nikirekebisha," akasema Bi. Siwatu, "mwaka jana nilipoapishwa nilikuwa na umri gani?"

Bwana Shomvi akahesabu kwa vidole. "Sitini na tatu na miezi minane."

"Kwa hiyo sikustahili kuapishwa."

"Hukustahili."

"Na wale watoto thelathini na wanane niliokaa kwenye kesi zao tukawaachia?"

"Wangerudishwa. Kesi zao zingeanza upya. Ni utaratibu tu."

"Shomvi, mimi nilikupikia uji tangu ukiwa darasa la kwanza. Ulikuwa na tabia ya kuficha kibonge cha sukari chini ya ulimi huku unaomba kingine. Naona bado unayo." Akageuka. "Sikuzaliwa leo na sikuzaliwa mwezi wa kumi na moja. Nimekaa. Andika hivyo: mzee amekaa. Sasa naomba baraza lilete gauni aliloingia nalo huyu mtoto Nyumba ya Kungojea."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno yake ya njiani kuhusu yule mama wa magauni.

Nyumba ya Kungojea huandika kila kitu mfungwa anachoingia nacho. Gauni lilikuwepo, kwenye gunia, na viatu. Lakini kulitoa kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji siku mbili. Walidhani siku mbili zitamwinua.

Hazikumwinua. Alikaa. Mchana ule walimletea fimbo yake ya heshima wakaiegemeza ukutani, mahali ambapo angeifikia kwa kusimama tu. Hakuitazama. Wanafunzi waliimba mbele yake wimbo wote wa kustaafu, beti tisa, naye akawasahihisha ubeti wa sita. Askari aliulizwa kama anaweza kukiinua kiti badala ya mtu. Wakaangalia sheria, wakakuta kiti nacho hakiguswi. Haja yake alivyoitimiza bila kuinuka siwezi kueleza. Wanawake wa mtaani walikuja na ndoo, wakazungusha kanga, na sisi wanaume tuligeukia ukuta. Siku ya pili miguu ilimvimba mpaka ngozi ikang'aa. Mwanamke mmoja akalia kumwona. Bi. Siwatu akamwambia, "Wewe lia nyumbani kwako. Hapa ni mahakamani."

Watu wakaanza kuja. Siku ya kwanza tulikuwa tisa kwenye benchi. Siku ya tatu walijaa mpaka barabarani, na nikaona kitu ambacho sikukitegemea: wazee waliostaafu, wa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, na wale wanne wa juzi, wamesimama nje ya dirisha na fimbo zao za heshima. Hawaruhusiwi kuingia, hawaruhusiwi kusema. Walisimama tu, wakitazama ndani.

Gauni lililetwa saa nne asubuhi ya tarehe tatu. Lilikuwa dogo. Lilipofunuliwa, mama yake Mashavu alitoa sauti moja fupi, akaziba mdomo.

"Mshtakiwa ulikamatwa ukiwa umevaa hili?" akauliza Bi. Siwatu.

"Ndiyo, mama."

"Hebu likupime."

Askari akaliweka mbele yake. Lilimfikia mapajani. Mikono yake haikuweza hata kuingia.

"Sasa naomba mtoto anayeenea gauni hili."

Mwendesha mashtaka alipinga. Alisema sheria haijui mtoto wa pili katika kesi ya mtoto mmoja. Bi. Siwatu akasema sheria haikatazi pia, na kwamba ana siku nyingi za kukaa kama yeye anazo za kupinga. Wakapima wanafunzi kumi na wanne. Gauni likamwenea binti wa muuza maandazi wa langoni, mtoto mchangamfu aitwaye Tatu, ambaye alipoambiwa anyanyue rimu alitema mate mikononi kama wapagazi.

Akavuta. Rimu haikutikisika. Akavuta tena mpaka shingo ikatoka mishipa. Akakaa chini.

"Bibi," akasema, "hii kitu imegundishwa?"

Watu wakacheka, hata askari. Bi. Siwatu hakucheka. Akanitazama mimi.

"Kuna fundi hapa wa nchi nyingine. Nataka asimame. Wewe kazi yako nini?"

"Matairi, mama. Miaka ishirini na tisa."

"Hicho ni nini?"

"Rimu ya lori la tani kumi. Kilo arobaini na zaidi." Nilikuwa nimeikagua ilipoletwa. "Na tundu la mnyororo limelika upande mmoja mpaka limeng'aa. Mnyororo haukukatwa. Ulikula chuma kidogo kidogo mpaka ukachomoka. Hii kitu ilianguka yenyewe."

"Shule iko mlimani," akasema mwendesha mashtaka. "Mtaro uko hatua mia mbili chini. Ilifikaje bila mtu?"

"Mheshimiwa, hii ni rimu," nikasema. "Ikiangukia mteremkoni haihitaji mwizi."

Ngwale mlinzi alikuwa ameangalia miguu yake. Bi. Siwatu akamuuliza swali moja tu.

"Alfajiri ile geti la chini lilikuwa limefungwa?"

Ngwale akasema, "Nilipitiwa na usingizi, mama. Lilikuwa wazi. Nilijua wakijua nimelala watanifukuza."

Hapo ingekuwa imekwisha, lakini Bi. Siwatu aligeuka kwa shida kwenye kiti chake akamtazama hakimu.

"Mheshimiwa Tambwe. Wazee huja na kuondoka, wewe hukuondoka. Ulikuwa kwenye kiti hicho mwaka wa kwanza. Ulimwona huyu mtoto akiwa ndani ya gauni hili, akishindwa. Mwaka huo, na wa pili, na wa tatu, ungeweza kusema neno moja. Kwa nini hukusema?"

Yule mzee alikuwa macho kabisa. Nimemdharau sana katika habari hii, na sijaacha, lakini nitaandika alivyojibu.

"Kesi ikianza upya," akasema, "sheria inanikataza kukumbuka."

"Na ulikumbuka?"

"Kila mwaka," akasema hakimu.

Nje ya dirisha mmoja wa wale wazee waliostaafu aligonga chini fimbo yake. Mwingine akagonga. Hawakusema neno, kwa kuwa hawaruhusiwi. Waligonga tu, na chumba kizima kikawa kinatetemeka, na Bwana Shomvi akawa anakimbia dirishani akiwaambia kwamba kugonga nako ni kusema.

"Mimi mzee wa baraza niliyebaki naona mtoto huyu hana hatia," akasema Bi. Siwatu. Hakimu akatia saini. Kisha akatia mara ya pili juu ya ile ya kwanza. Mashavu akabaki amesimama kizimbani mpaka mama yake alipomwendea, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumwambia aende.

Tulipotaka kumsaidia Bi. Siwatu kuinuka, alituzuia. Alisema atainuka mwenyewe. Akajaribu, akaanguka, akajaribu tena. Nikamwuliza kama nimkamate.

"Ngoja kwanza nistaafu," akasema. Akasimama, akishikilia ukuta. Akahesabu kimoyomoyo, kisha akanipa mkono. "Haya. Sasa unaweza kunibeba."

Wiki iliyofuata Baraza Kuu lilikutana kwa dharura. Walikubaliana kwamba jambo lile lisitokee tena, na kambi zote mbili ziliunga mkono. Umri haukuguswa. Muhuri haukutiwa mafuta. Waliondoa viti. Sasa wazee wa Baraza la Watoto, wenye miaka sitini na nne, husikiliza kesi wamesimama. Mimi nilipewa siku moja niwe nimeondoka nchini, kwa kosa la mgeni kutoa ushahidi juu ya mteremko wa ndani.

Kabla sijaondoka nilikaa na Bi. Siwatu barazani kwake, mguu wake juu ya kigoda, tukahesabu. Alisema nisiandike kwamba alishinda. Alisema niandike hesabu.

Siku tatu kitini. Mguu wa kushoto, ambao hautapona. Fimbo moja ya heshima, waliyoirudisha ghalani. Jina lake, lililofutwa kwenye ubao wa wazee. Kazi ya Ngwale. Wazee kumi na tisa waliomwona mtoto akikua na wakainuka kwa baragumu. Watoto ishirini na sita waliokuwa na kesi siku hiyo kwenye mabaraza ya watoto ya wilaya nyingine, ambako kila mtu aliinuka. Wote wameanza upya.

Na Mashavu: kesi nne. Darasa la saba ambalo hakulifanya. Gauni moja, viatu jozi moja, alivyorudishiwa na kutia saini kwamba amevipokea vyote. Siku elfu moja mia nne ishirini na nane. Ndoo elfu mbili mia nane hamsini na sita.